Pigo la Pili

Siku mliyoniaga, walimu wenzangu, mlinipa zawadi ya simu. Ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya kumetameta, na juu yake mmeandika "Kwa Mama Yetu Mpendwa". Mimi huyu, ambaye kwa miaka mingi mliyonifahamu kazi yangu ilikuwa kupokonya simu na kuzivunja. Nimejaribu kukumbuka nani kati yenu alikuwa kwenye kamati ya zawadi akaona hilo ni wazo jema, lakini siwezi kumlaumu mtu mmoja. Kamati zinajulikana zilivyo.

Halafu, mkiwa bado mnatafuna pilau, mkaniomba niwaandikie jinsi nilivyokuwa nikidhibiti simu za wanafunzi, kwa sababu ninyi zimewashinda. Nitaandika. Vyeo sitavigusa, havikuwa vingi, na aliyevipata wakati wangu haikuwa lazima awe anajua kufundisha. Nitaandika kazi.

Nilianzia Chiola, shule ya msingi, nikiwa na cheti kipya, viatu visivyofaa kwenye mchanga na fimbo niliyoikata mwenyewe njiani. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa. Simu niliyoijua ilikuwa ya posta Nachingwea, na ukitaka kupiga ulipanga foleni ukiwa umeshaandika kwenye karatasi utakachosema. Darasani watoto walileta manati, gololi, vipande vya vioo vya kumulikiana jua machoni, na wakubwa kidogo walileta barua za mapenzi zenye makosa ya kutia huruma. Nilivipokonya vyote kwa moyo mkunjufu.

Aliyenipokea pale alikuwa Mwalimu Akwilina, mama mfupi, Mmakua wa upande wa Masasi, mwenye sauti ya chini ambayo darasa zima liliisikia. Vitu nilivyopokonya alivitia kwenye droo ya meza yake. Kila Ijumaa mchana aliwaita wenyewe mmoja mmoja, anakishika kitu, anauliza swali moja tu: "Hiki kinakufanyia kazi gani?" Mtoto wa manati akasema anaamka alfajiri kufukuza ngedere shambani kwao kabla ya kuja shule, na akirudi nyumbani kwanza atachelewa namba ya asubuhi. Mwalimu Akwilina akamrudishia manati, kwa sharti la kuiacha mezani kwake kila asubuhi. Wa gololi hakuwa na jibu, gololi zikabaki.

Nami niliona ule ni udhaifu. Nilimwambia, kwa kiburi cha mtu aliyefundisha wiki tatu, kwamba ukianza kumuuliza mtoto utaulizwa wewe. Alinitazama akasema, "Sawa, mwanangu," akaendelea kusahihisha daftari. Nilijiona nimeshinda.

Jinsi nilivyofika sekondari ni hadithi ya vyeti, naiacha. Nilifika Ruangwa, shule ya kata, wakati minara ya simu imeshaota vilimani na kila nyumba ina mtu mmoja anayepanda kichuguu kutafuta mtandao. Simu zikaanza kuingia shuleni. Nilizikuta ndani ya mkate uliokatwa katikati ukarudishiwa vizuri, ndani ya mfuko wa unga, ndani ya kamusi iliyochongwa kurasa zote kuanzia herufi ya K. Huyo wa kamusi nilimwambia kwamba ndiye mwanafunzi wa kwanza kuifungua.

Wazazi nao. Binti katoka unyagoni Desemba, katunzwa kanga, katunzwa kuku, na mjomba wa Dar kamtunza simu. Januari tunaikamata. Mama anafika ofisini, anapiga magoti, anasema hakujua kama shule inakataza. Mwaka uliotangulia tulimwambia hivyo hivyo kuhusu binti yake mkubwa, naye alipiga magoti pale pale.

Lakini walionichosha zaidi ni walimu, na msinitazame hivyo, nawajua. Mwalimu anaingia darasani, anamkabidhi monita kitabu aandike notsi ubaoni, yeye anajikalisha nyuma na kuinamia kiganja chake. Kuku akinywa maji huinama hivyo, ila kuku angalau huinua kichwa. Kipindi kikiisha anaondoka akiwa amefundisha. Mwalimu huyo huyo akimkuta mwanafunzi na simu anakuja kwangu mbio, amekasirika kabisa, anauliza kizazi hiki kinaelekea wapi.

Ulikuja waraka wa kutukumbusha kwamba simu ni marufuku madarasani. Ulitumwa kwa simu, nami niliusoma darasani. Ikafuata semina Nachingwea ya namna ya kusimamia matumizi ya simu kwa wanafunzi. Mwezeshaji alitoka mbali na alivaa vizuri. Alitufundisha kwamba nidhamu huanza kwa mfano wa mkubwa, na katika kutufundisha hilo alitoka nje mara tatu kupokea simu. Tulipewa chai, soda na kalamu. Kalamu ninayo mpaka leo, haiandiki.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba wenye akili watabaki wakizungumza, mimi nitafanya kazi. Nilichukua nyundo kwa fundi seremala aliyetutengenezea madawati, na jikoni nikachukua jiwe bapa ambalo wapishi walilitumia kubangulia korosho. Kila Jumatatu, paredi ikishaimba, nilimwita mwenye simu mbele. Laini niliitoa nikamkabidhi, kwa sababu nilijiona mtu wa haki. Kisha simu juu ya jiwe, mapigo mawili. La kwanza lilikuwa la kioo. La pili, kama nilivyozoea kuwaeleza walimu wageni, lilikuwa la mfano, ili wa mstari wa nyuma nao wasikie. Wanafunzi walisema simu imebanguliwa. Mimi wakaniita Madam Nyundo, nami nikajifanya sijui huku nikilipenda jina hilo kupita lile nililopewa na baba yangu.

Niliwafundisha pia kanuni yangu, na wengine wenu mmeirithi: darasa lenye kelele ni darasa salama. Darasa lisilo na mwalimu likinyamaza, humo mna simu. Vua viatu, nyata, ingia ghafla. Haikuwahi kuniangusha, na hata siku ninayotaka kuwaeleza haikuniangusha.

Mwaka ule mwalimu wetu wa Fizikia, kijana mmoja aitwaye Kasimu, alihamishiwa Nachingwea. Pengo lake halikuzibwa. Kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani Fizikia ya kidato cha nne iliendelea kuonekana kama kawaida, Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana, na wageni waliokuja kutukagua waliisifu ratiba hiyo kwa unadhifu. Tuliandika barua ya kuomba mwalimu. Tulijibiwa kwamba barua imepokelewa.

Katika kidato hicho alikuwemo Somoe, binti wa Nambilanje, analelewa na bibi yake na anakaa hosteli. Tangu kidato cha kwanza alisema atakuwa nesi. Mimi ndiye niliyemsaidia kujaza fomu, kwa hiyo nilijua kwamba chuo alichokitaka kilidai Kemia, Baiolojia na Fizikia, na kwamba bila Fizikia hakuna mlango mwingine. Nilijua hilo kabisa. Naliandika hapa ili asiwepo wa kunitetea.

Alhamisi moja, saa nane na nusu, nilipita kwenye korido nikasikia kimya. Watu arobaini, hakuna mwalimu, kimya. Nikavua viatu. Nilipokaribia mlango nikasikia sauti ya mwanamume, ndogo, inatoka kama kisimani. Nikaingia. Sauti ikakatwa. Juu ya dawati la mbele palikuwa na jagi la plastiki, na ndani ya jagi simu ya kupangusa. Somoe alikuwa amesimama karibu na ubao na chaki mkononi.

Leo naweza kuwaeleza kwamba simu ikitumbukizwa kwenye jagi sauti yake hukua, na darasa zima husikia. Siku ile nilichokiona ni simu iliyofichwa kwenye jagi. Sauti ya mwanamume, simu ya binti: nikajua ninachokijua. Ubaoni sikutazama.

"Madam, naomba niseme," Somoe akasema.

Nilimwambia atasema Jumatatu.

Jumatatu nilimwita mbele. Nikatoa laini nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea cheti, akasema kwa sauti ya chini kwamba simu ni ya bibi yake. Nikamwambia ya bibi ikae kwa bibi, na mistari ikacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Alipofungua mdomo tena nikapiga la kwanza. Kisha nikapiga la pili. Mabaki nikayatia kwenye bahasha, nikaandika jina, nikaiweka ofisini.

Jumatano bibi akaja kutoka Nambilanje. Alikuwa mzee mwembamba, Kiswahili chake kidogo, akazungumza Kimwera na mpishi wetu mmoja akatafsiri. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ile ninayowapa wazazi wote, lakini hakunipa nafasi ya kuitoa kwa sababu hakugombana. Aliuliza kilichobaki kiko wapi. Nikampa bahasha. Akaimimina mapajani, akakusanya vipande vyote hadi vile vidogo vya kioo, akavifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akasema jambo, na mpishi akalitafsiri.

"Anasema alimwazima mjukuu mpaka mtihani uishe. Anasema mwalimu wake alikuwa humo ndani."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya kizee. Nikamsindikiza hadi getini kwa heshima zote na kurudi ofisini kunywa chai.

Kesho yake, Alhamisi, saa nane, kidato cha nne kilipiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwao. Kwa kanuni yangu darasa lile lilikuwa salama kuliko yote. Nikaenda kuwanyamazisha. Nikasimama mbele yao, na nilipogeuka kutafuta dasta nikaona upande wa kulia wa ubao kisanduku kilichochorwa kwa chaki. Ndani yake mlikuwa na mchoro wa waya uliozungushwa kwenye msumari, mishale, maelezo kwa mwandiko wa Somoe, nusu ukurasa hivi. Sentensi ya mwisho haikumalizika. Chini yake imeandikwa: Msifute. Inaendelea.

Nikauliza nani kawafundisha hii.

Somoe alikuwa anatazama daftari. Mwishowe monita akasimama. "Mwalimu Kasimu, madam. Alikuwa anaturekodia kule Nachingwea, anatuma. Somoe anaandika ubaoni, sisi tunanakili." Akamtazama Somoe. "Ilikuwa kwenye ile simu."

Sasa nawaambia nilichofanya, kwa sababu mnapenda kusikia nilivyokuwa shujaa. Niliwaambia wapunguze kelele, nikatoka.

Sikumwambia mkuu wa shule wala sikumpigia Kasimu. Wiki mbili nzima nilipita kwenye korido ile upande wa pili, nikajiambia sheria ni sheria, ningejuaje, wangesema mapema. Kana kwamba hakuomba kusema mara mbili mbele ya macho yangu. Aibu ni kitu cha ajabu, wanangu, nilikuwa nimewahi kuwachapa watoto kwa kukosa kuikiri, na yangu niliifunika kwa kushinda kwenye ofisi nikipanga faili ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Wiki ya tatu nikampigia Kasimu. Kijana wa watu hakunilaumu. Alisema alipoona ujumbe hauendi alidhani wanafunzi wamepata mwalimu, akafurahi. Rekodi za nyuma alikuwa ameshazifuta, simu yake ilijaa, alijua wao wanazo. Angerekodi upya, lakini sasa alikuwa na madarasa yake ya kuandaa kwa mtihani huo huo. Alituma vipindi vitatu. Nikaingia darasani na simu yangu mwenyewe, Madam Nyundo, mbele ya watu arobaini, nikaitumbukiza kwenye jagi. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka. Nilimpa Somoe chaki akaandika vizuri kama zamani, lakini vipindi vitatu havizibi mwaka, na masomo ya mwanzo hawakuwa na pa kuyarudia isipokuwa kwenye madaftari ambayo wengi, kwa kujua simu ipo, waliyanakili kwa mkato.

Matokeo mnayajua, yalibandikwa. Somoe alifaulu Kemia na Baiolojia vizuri kuliko wote. Fizikia alipata F. Hata mmoja wa darasa lile hakufaulu Fizikia, na ratiba yao nzuri iliendelea kubandikwa ukutani hadi mwaka uliofuata.

Ndio mwaka nilioacha kuvunja simu. Mlisema nimezeeka. Nyundo niliirudisha kwa seremala, jiwe likarudi jikoni, na kwenye meza yangu nikaanza kutumia droo. Mlinikuta nikiwauliza wanafunzi swali moja siku za Ijumaa, na baadhi yenu mkacheka, niliwasikia. Wengi wao hawakuwa na jibu, kama wale wa gololi, simu zao nikakaa nazo hadi wazazi wafike. Wachache walikuwa nalo. Hiyo ndiyo njia yangu yote mliyoniomba niwaandikie, na Mwalimu Akwilina alinipa bure nikiwa na wiki tatu kazini.

Ningeishia hapa, ila zawadi yenu iliniponyoka mwezi uliopita ikaingia kwenye beseni nikiosha mchele. Sasa nakaa Nachingwea, na jirani akanielekeza kwa fundi wa kike pale karibu na soko, akasema mikono yake ni mepesi. Nikamkuta kwenye kimeza chake, taa imening'inia kichwani, mbele yake vibisibisi vya kila aina vimepangwa kwa ukubwa.

"Shikamoo, madam," akasema kabla sijamtambua.

"Marahaba, Somoe," nikasema, nikampa simu.

Aliipokea simu, akaikung'uta, akaishikilia bila kuifungua. "Inakufanyia kazi gani zaidi, madam?"

Nilimkodolea macho. Akaeleza kwamba humuuliza kila mteja, kwa sababu kitu kilicholowa hakiokoki chote, na fundi lazima ajue cha kukiwahi kwanza, picha au namba za watu. Nikamwambia namba za watu. Akaanza kufungua skrubu.

Nilikaa kwenye kibao chake nikimtazama. Nilitaka kumwomba radhi, nikaona maneno yote niliyonayo ni ya paredi. Nikauliza badala yake amejifunzia wapi ufundi.

"Kwenye ile ya bibi," akasema. Alipoona matokeo alirudi Nambilanje, akakaa chini na vile vipande vya kwenye pindo la kanga, kisu na sindano. Alitaka tu kuzitoa zile rekodi za Mwalimu Kasimu, arudie mtihani. Alihangaika nazo miezi, akamfuata fundi mmoja wa Ruangwa amwoneshe, na hakuzipata, ila alipotoka kwa fundi yule alikuwa anajua kazi.

"Ilikuwa imeharibika sana," nikasema. Sikuuliza, nilisema tu, nikitumaini atakubali.

Somoe alipuliza kitu kidogo ndani ya simu yangu, akakigeuza kwenye mwanga. Alizungumza kama fundi anavyomweleza mteja, bila hasira yoyote.

"Hapana, madam. Lile pigo la kwanza lilivunja kioo tu, na kioo kinabadilishwa. Masomo yote yalikuwa kwenye memori kadi, yangetoka. La pili ndilo lililoipasua."

Na lile la pili, wanangu, nilikuwa nalipiga kwa ajili ya mfano.